Mkono wa Nywele, Jicho la Ngozi

Ukitaka kumjua msusi hodari, usikimbilie kutazama rasta zilizokwisha kusukwa. Tazama mistari. Kabla ya kushika nywele za bandia, anachukua kitana chenye mkia, anaiweka ncha ya mkia utosini na kuivuta polepole hadi kisogoni. Nywele zinaachana, huku na huku, na katikati unabaki ukanda mwembamba wa ngozi ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Anaukata tena kwa upana, kisha tena, mpaka kichwa chote kinagawanyika vijisanduku vinavyolingana. Mstari mmoja ukienda kombo hapo mwanzo, saa tano baadaye mteja atasimama mbele ya kioo na kuona kitu hakijakaa sawa, ingawa hataweza kusema ni nini. Msusi atajua.

Kisha zinaanza kazi za vidole. Anatenganisha mafungu matatu, anayapishanisha, anaongeza nywele kidogo kidogo, anakaza. Siri yote iko kwenye huko kukaza. Akilegeza, rasta zitateleza kabla wiki mbili hazijaisha. Akivuta mno, mteja hatalala usiku, na vipele vidogo vyenye usaha vitaota kwenye paji la uso. Akirudia kuvuta hivyo mwaka hadi mwaka, nywele za mbele na za pembeni zitakatika na mahali pake patang'aa, tena pengine zisiote kamwe. Msusi mzuri anapima mvuto kwa ncha za vidole vyake, na anamtazama mteja kwenye kioo: macho yakivutika kuelekea masikioni, amezidisha. Ndiyo maana aina ile ya rasta isiyoanza na fundo imependwa sana. Inaanza na nywele za mteja mwenyewe, za bandia zinaingizwa baadaye kidogo kidogo, na mzigo hauliangukii shina la nywele kwa mara moja.

Nimeanza na nywele kwa sababu katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ndizo mlango wa kazi hii. Binti aliyemaliza kidato cha nne Tarime mjini, Sirari, Nyamongo au Mugumu, akisema anataka kufanya kazi ya urembo, watu wanaelewa saluni ya nywele. Siku hizi, hata hivyo, wapo wanaouliza swali jingine: nijifunze saluni nzima, yaani nywele, kucha na vipodozi, au nijikite kwenye utunzaji wa ngozi peke yake? Ni swali la maana, na linastahili kujibiwa kwa kuitazama kazi yenyewe, kwa maana hizi ni subira mbili tofauti.

Kazi ya nywele inajibu siku hiyo hiyo. Mteja ameingia na kitambaa kichwani, anatoka ameinua shingo. Inataka mgongo usiochoka, vidole vyepesi na mdomo wenye mazungumzo, kwa sababu saa tano ni nyingi kukaa na mtu kimya. Inaendana pia na kalenda ya mahali. Wanafunzi wa shule za serikali hunyoa, kwa hiyo shule zikikaribia kufunguliwa mashine za kunyolea hazipoi, na likizo zikianza watoto wa kike wanarudi kwenye mikeka ya dada zao. Desemba, harusi zikiongozana na ndugu wakirudi nyumbani kutoka Mwanza na Dar es Salaam, msusi anaweza kushindwa kula mchana. Mtaji wa kuanzia ni mdogo: kitana, kigoda, kioo, na mikono iliyojifunzia kwa wadogo zake nyumbani. Wengi wameanza hivyo, wakisuka mtindo wa twende kilioni kivulini, kabla hawajapanga chumba.

Lakini asidhani mtu kuwa ni kazi nyepesi kwa kuwa inaanza kwa urahisi. Chukua dawa ya kulainisha nywele. Ni kemikali kali, aghalabu yenye asili ya magadi moto au chokaa, na ukali wake kwenye kipimo cha pH huanzia 12 na kupanda. Inavunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele msokoto wake, na haichagui: ikigusa ngozi iliyokwaruzwa, inaunguza. Fundi anayejua anamuuliza mteja kama amejikuna au amefumua rasta jana, na jibu likiwa ndiyo, anamwambia arudi wiki ijayo. Anapaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikioni na kisogoni. Anaanza kisogoni na kumalizia mbele, mahali nywele zilipo laini. Anatazama saa. Mteja akisema panawasha, hamwambii avumilie. Anamwosha mara moja, kwa shampuu ya kuua nguvu ya dawa, mpaka maji yatoke safi. Hatua hizi huwezi kuziona kwenye picha ya nywele zilizolala, lakini ndizo zinazomtenganisha fundi na mtu mwenye kopo la dawa.

Ngozi ni subira ya namna nyingine. Tabaka la juu la ngozi ya mtu mzima kijana hujiumba upya kwa muda wa takriban siku 28, na umri ukisogea linachelewa zaidi. Maana yake, hakuna kazi ya ngozi ya kweli inayokamilika kwa siku moja. Ngozi nyeusi nayo ina tabia yake: ikiumizwa, inajibu kwa weusi. Chunusi iliyokamuliwa kwa kucha inapona kwa siku chache, ila doa lake linaweza kukaa miezi. Kwa hiyo mtaalamu wa ngozi anafanya kazi kwa kujizuia. Anaosha uso, anautazama kwenye mwanga wa dirisha, anaugusa kwa mgongo wa kidole kujua pakavu na penye mafuta. Anauliza: unatumia sabuni gani? Umemeza dawa gani? Chunusi zinatoka wapi zaidi, kidevuni au kwenye paji la uso, pale mafuta ya nywele yanapochuruzika? Bidhaa mpya anaijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, na kusubiri siku moja au mbili. Baada ya hapo ndipo inakuja ile sehemu wateja wanayoiita fesho: mvuke, skrabu laini, maski, mafuta mepesi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kutazama na kungoja.

Kubwa zaidi ni kukataa. Anayeingia kazi ya ngozi katika mji wowote wa Tanzania atakutana na mteja anayetaka mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi. Atataka awe mweupe kabla ya harusi, na atakuwa na fedha mkononi. Krimu hizo zimejulikana kwa kuwa na haidrokwinoni, steroidi kali na zebaki. Steroidi inaikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na inaingia mwilini na kuharibu figo. Watu wa mkoa wa Mara hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumia kukamatia dhahabu, na hatari yake inajulikana. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mwanzoni uliweka mpaka wa sehemu moja tu ya zebaki kwa kila sehemu milioni za kipodozi, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Pamoja na sheria hiyo, mlinzi wa kwanza wa uso wa mteja ni yule aliyesimama naye saluni akimwambia, "Hapana mama, hii sikupaki." Nawaheshimu sana wanaosema hivyo huku kodi ya chumba ikiwasubiri.

Na kuna kazi ya ngozi ambayo ni ya lazima kabisa. Tarime iko karibu na ikweta, tena juu milimani, na ubaridi wake unawafanya watu wasahau jua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, jua hilo ni suala la uhai. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ndipo losheni ya Kilisun ilipoanza kutengenezwa kwa ajili yao. Mtaalamu wa ngozi anayejua kumweleza mama jinsi ya kumpaka mtoto wake losheni, masikio na shingo vikiwemo, na anayejua kidonda gani kisichopona kipelekwe hospitali, anafanya kazi yenye uzito kuliko urembo wowote.

Riziki nayo ina jiografia yake. Upande wa Tarime na Sirari, wenye barabara kuu, mpaka wa Kenya na minada, ni nchi ya nywele: watu ni wengi na wanapita kila siku. Upande wa Mugumu, njia inaelekea hifadhini, na ndani ya Hifadhi ya Serengeti na kwenye mapori ya Grumeti kuna hoteli kubwa zenye spa, kama Four Seasons na Sasakwa ya Singita. Huko masaji na utunzaji wa ngozi ni ajira yenye mshahara. Nafasi ni chache, lugha za wageni zinahitajika, na mvua za Aprili na Mei zikija wageni hupungua.

Ushauri wangu kwa binti anayechagua unatokana na ule mstari wa kitana. Kila msusi anapogawa nywele, anaifunua ngozi. Yeye ndiye wa kwanza kuona mba, mapunye ya mtoto, vipele vya kisogo vinavyoletwa na wembe, na pale mbele panapoanza kung'aa. Kichwa nacho ni ngozi, na asiyeijua ngozi atasuka juu ya ugonjwa na kuufunika. Hata California, jimbo la Marekani lenye sheria ya leseni za urembo, inaonyesha uhusiano huo: saluni nzima inadai saa 1,000 za mafunzo na ngozi peke yake 600, na masomo ya ngozi yamo ndani ya zile 1,000. Aliyesomea ngozi tu amechimba shimo moja, na lazima alichimbe kwa kina.

Basi anza na saluni nzima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ususi na urembo katika baadhi ya vyuo vyake, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia mtaani. Ukikaa chini ya fundi, chagua yule anayechemsha vifaa na kufuta mashine kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa, na aliyewahi kumrudisha mteja nyumbani. Nywele zitakulisha huku jicho lako likikomaa. Ukigundua kwamba unaipenda zaidi ile dakika ya kuitazama ngozi kuliko saa tano za kusuka, na kwamba unaweza kungoja mwezi mzima kuona kazi yako, hapo nenda kwenye ngozi bila woga. Chema chajiuza, na uso uliopona bila kuchubuliwa hautahitaji tangazo Mugumu wala Tarime.