RISASI NA UAMUZI: Jioni Tano za Mwanzo na Mass Effect

Ndugu msomaji, usishangae kuikuta gemu ya kompyuta kwenye ukurasa wa tahakiki. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto, na kwamba mtu aliyemaliza kidato cha nne na kujiita mwandishi angekaa asome vitabu. Ninasoma. Lakini nina kidonda changu, na gemu hii imekitonesha.

Kidonda chenyewe ni hiki. Nina riwaya niliyoiandika kwa miaka mitatu, kaunta buku mbili zimejaa. Inamhusu kijana konda wa daladala. Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja, akanirudishia na sentensi moja ya penseli: "Mhusika wako hafanyi, anafanyiwa tu." Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikasoma upya, nikaona mzee wa watu kasema kweli. Tangu hapo sura ya nne haijasogea hata mstari.

Mwezi uliopita mshikaji wangu, fundi wa kompyuta, akanikaribisha geto kwake na kuniwashia Mass Effect. Ni gemu ya kampuni ya BioWare ya Kanada. Ilitoka 2007 kwa mashine ya Xbox 360, na 2008 ikaja ya kompyuta. Mwaka 2021 ilitolewa upya ikiwa imepakwa rangi, pamoja na mbili zilizoifuata, lakini kompyuta ya mshikaji nayo ni mzee, inamudu ile ya zamani tu. Nimecheza jioni tano. Sijafika mwisho, kwa hiyo haya ni ya mwanzo mwanzo.

Tuanze na fani, kama tulivyofundishwa darasani. Mwaka ni 2183, na wewe ni Kamanda Shepard, mwanajeshi, mwanamke au mwanamume upendavyo. Unamwona kwa nyuma, juu ya bega lake, na wenzake wawili wanamfuata. Bunduki haziishi risasi, ila ukifyatua mfululizo zinachemka na kugoma mpaka zipoe. Ukibonyeza kitufe kimoja vita inasimama, unawaagiza wenzako: wewe mrushe yule hewani, wewe iharibu silaha ya huyu. Kisha mambo yanaendelea.

Hiyo ni nusu moja. Nusu ya pili ni kwamba Shepard unamtunga mwenyewe. Kuna fani sita za kijeshi za kuchagua, asili tatu, na historia tatu. Wangu alikulia mitaani bila wazazi, kisha jeshini akanusurika peke yake pale askari wenzake 50 walipouawa kwenye sayari ya Akuze. Kadiri unavyopanda ngazi unapewa pointi za kumfundishia. Ukiziweka kwenye bastola, atalenga. Usipoziweka, duara la shabaha linapanuka kama ungo na risasi inakwenda inakojua yenyewe.

Siku ya kwanza niliilaani mashine. Siku ya pili nikaelewa: kidole ni changu, lakini mkono ulioshika bastola ni wa Shepard, na Shepard hajajifunza. Wangapi kati yetu tunampa mhusika ngumi za kijasusi kwenye ukurasa wa 80 wakati kwenye ukurasa wa 10 alikuwa karani?

Sasa tuje kwenye maudhui, na kwenye kidonda changu.

Mwanzoni kuna askari kijana anaitwa Jenkins. Ana hamu ya vita, na safari yenyewe inaelekea kwao, koloni la Eden Prime. Mnashuka, na baada ya dakika chache anapigwa risasi, basi. Nilianza upya mara mbili nikidhani nimechelewa kumwokoa. Wapi! Kaandikiwa kufa. Nilimhurumia, lakini baada ya saa mbili nilikuwa nimemsahau. Jenkins hafanyi, anafanyiwa tu. Nikaikumbuka ile penseli.

Baadaye, kwenye kituo kikubwa cha angani kiitwacho Citadel, nilimchukua Wrex, jitu la kabila la krogan ambalo kazi yake ni kuua kwa malipo. Alikuwa amelipwa amuue mwenye kilabu mmoja, Fist. Tukamkamata Fist, akasalimu amri, akasema tuliyoyataka. Mimi nikaamua aishi. Wrex akamtandika risasi palepale, mbele yangu. Nikabaki mdomo wazi. Kumbe hata mhusika msaidizi ana mipango yake, hangoji ruhusa ya mkubwa! Huyo sitamsahau upesi.

Lakini kilichonikalia kooni ni Feros. Kuna koloni dogo la watu waliochoka, linaitwa Zhu's Hope. Niliwafungulia maji, nikawawindia nyama, nikazoea sura zao. Kisha ikajulikana kwamba chini yao liko jidudu la kale, Thorian, linalozitawala akili zao. Niliporudi, walewale niliowafungulia maji wakanielekezea bunduki. Nilikuwa nimepewa mabomu ya gesi yanayolaza bila kuua, lakini yanahesabika, na kuyatupa kunataka usogee wakati wao wanakumiminia risasi. Ukitaka njia rahisi, fyatua tu. Hakuna wa kukuzuia.

Mpaka hapo bunduki na hadithi zilikuwa wapangaji wawili wasiosalimiana: unapiga risasi, unakwenda kuongea, unarudi kupiga. Feros vikawa kitu kimoja. Kutofyatua ndiyo ikawa kazi. Wengi niliwalaza. Wawili niliwaua kwa kiherehere cha kidole, na mmoja wao nadhani alikuwa yule wa maji. Mshikaji akacheka, "Si gemu tu, bwana." Sikucheka.

Sasa lawama. Kwenye mazungumzo majibu yamepangwa kwa duara: ya upole yanakaa juu, ya ukali chini, takriban kila mara. Upole unakupa pointi za buluu, ukali nyekundu. Jioni ya tatu niligundua kuwa nimeacha kusoma. Kidole kilikuwa kinakwenda juu chenyewe, kama mwanafunzi anayejua kuwa jibu huwa C. Tena, ukijaza rangi moja ndipo unapofunguliwa ulimi wa kushawishi au wa kutisha. Mtu wa katikati, anayeyumba kama mimi na wewe, anapunjwa. Shuleni tuliambiwa kuna mhusika bapa na mhusika duara. Gemu hii inakupa nafasi ya kumjenga duara, halafu inakulipa ukimbonda awe bapa.

Inashangaza zaidi kwa kuwa mwandishi wake mkuu, Drew Karpyshyn, ni mtunzi wa riwaya. Riwaya yake ya ulimwengu huohuo, Mass Effect: Revelation, ilitoka 2007 kabla ya gemu yenyewe. Sitasema mengi juu ya begi la silaha linalojaa takataka mpaka vitu 150, au majengo ya sayari za pembeni yanayofanana kama vibanda vya fundi mmoja. Hayo yanachosha tu. Lile la pointi linaharibu, maana linageuza dhamiri kuwa daftari la akiba. Hata Feros pointi zipo, ila pale sikuzikumbuka. Ndiyo tofauti.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, ukipata mashine ya kuazima, icheze. Mshikaji anasema mbele kuna sayari itakayonilazimisha nichague nani afe kati ya wenzangu wawili. Nimemwambia afunge mdomo.

Nami nimerudi kwenye sura ya nne. Usiku, dereva amemgonga mwendesha baiskeli. Zamani niliandika kwamba gari liliondoka na konda akalia. Nimelifuta lote. Sasa konda yuko mlangoni, kiganja kimeinuliwa. Akigonga bodi, dereva atasimama, hesabu ya tajiri haitatimia, na kesho kibarua hana. Asipogonga, wanafika kituoni salama. Kiganja kiko hewani tangu Jumanne. Sijajua atafanya nini, lakini safari hii atafanya yeye.