Nguvu, Mkondo na Moto: Istilahi Tatu Zisizopaswa Kuchanganywa

Lugha ya ufundi wa umeme, kama isikikavyo Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, ina maneno yaliyokomaa. Waya wa moto haumkanganyi mtu, na umeme ukiwa mdogo kila mwenye jokofu huelewa. Lakini maneno hayo yanapohamishiwa ndani ya kompyuta, upungufu wake hudhihirika.

Tuchukue kazi ya kuongeza mapigo ya kichakataji kupita kiwango cha kiwandani. Fundi hukabiliwa na vipimo vitatu: volteji, mkondo na nguvu. Mfasiri anayeandika "ongeza nguvu" kwa vyote vitatu hajafasiri, ameficha. Kichakataji kinachopokea volti 1.2 na mkondo wa ampea 100 hutumia wati 120. Wati hizohizo, zikitoka katika umeme wa nyumbani wa volti 230, zinahitaji takriban nusu ampea tu. Nguvu ni ileile, mkondo umetofautiana mara 190 hivi. Neno moja litabebaje tofauti hiyo?

Madhara yake si ya kinadharia. Volteji ikipandishwa kwa asilimia 10, mapigo yakibaki yalivyo, nguvu itumiwayo na saketi zinapofanya kazi huongezeka kwa asilimia 21 hivi, na joto hufuata. Ndiyo maana watengenezaji huweka vikomo mbalimbali. Kwa vichakataji vya AMD vya wati 105 vinavyotumia soketi ya AM4, kikomo cha nguvu ni wati 142, cha mkondo wa kudumu ampea 95, na cha mkondo wa kilele ampea 140. Atakayesoma 142 na 140 chini ya neno moja atachanganya wati na ampea.

Twapendekeza basi: kikomo cha nguvu kwa wati, kikomo cha mkondo kwa ampea, na volteji ibaki volteji. Hatuoni haya kukopa. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, lililotiwa sauti ya Kiswahili na wenyeji. Neno la kukopa halidhuru lugha. Kinachoidhuru ni neno moja kutwishwa mizigo mitatu. Moto na ubaki kwenye waya wake.