Shujaa Aliyefukuliwa

Sijawahi kufika Washington. Sanamu ya John Paul Jones naijua kwa picha tu, lakini nimeziangalia mpaka naweza kuichora nikiwa nimefunga macho: mtu wa shaba, nguzo ya marumaru mgongoni, mkono kwenye mpini wa upanga. Ni kazi ya Charles Niehaus, na ilizinduliwa Aprili 1912. Kwenye jiwe wamechonga maneno yake maarufu, ati hawezi kujisalimisha kwa sababu hata hajaanza kupigana.

Kama sanamu, sibishi. Niehaus alijua kusimamisha mtu ambaye hasukumwi. Shida yangu ni namna jiwe linavyochagua.

Maneno yale yanatoka kwenye vita vya 23 Septemba 1779, karibu na Flamborough Head, Uingereza. Meli ya Jones, Bonhomme Richard, ilikuwa imetobolewa vibaya, lakini akaiteka Serapis ya Waingereza. Aliyetupa kauli hiyo ni luteni wake, Richard Dale, na ilichapishwa 1825, miaka 46 baadaye. Sawa, kumbukumbu ya mzee nayo ni kumbukumbu. Lakini jiwe halijui kusema "inasemekana".

Halafu kuna lile ambalo jiwe limelinyamazia kabisa. Kabla Marekani haijamjua, Jones alikuwa kijana wa Uskoti, mtoto wa mtunza bustani, na alifanya kazi kwenye meli za kubeba watumwa. Alianza na King George, akapandishwa cheo kwenye Two Friends. Mwaka 1768, akiwa Jamaica, akaacha. Simfanyi mtakatifu. Aliacha baada ya miaka kadhaa ya mshahara, na waliofungwa kule chini ya sitaha hawakuwa na nafasi ya kuacha chochote. Bado, huyu shujaa wa kutokata tamaa aliwahi kukata tamaa mara moja, na huenda hilo ndilo jambo jema kuliko yote aliyofanya.

Alifia Paris mwaka 1792, wakati nchi aliyoipigania haina hata jeshi la majini. Mfaransa mmoja ndiye aliyemlipia jeneza zuri, akiamini ipo siku Wamarekani watamwulizia. Wapi! Makaburi yale yakauzwa, watu wakajenga juu yake. Ni mwaka 1905 ndipo Horace Porter alipochimba akampata, na manowari zikatumwa kumchukua. Wakati huo Rais Theodore Roosevelt alikuwa anajenga jeshi kubwa la majini, na jeshi jipya linahitaji babu.

Kwa hivyo mimi singebomoa kitu. Ningeongeza mstari mmoja tu chini ya ile kauli: Two Friends, Jamaica, 1768. Bila maelezo. Anayejua atasimama kidogo, na asiyejua atauliza.