Hesabu ya Julai katika Ziwa Babati

Katika utaratibu wa kuhesabu ndege wa majini barani Afrika, ulioanza mwaka 1991 na unaoratibiwa na shirika la Wetlands International, hesabu kuu hufanyika Januari na ya pili hufanyika Julai, na kwa ziwa linalopakana na mji kama Ziwa Babati, hiyo ya pili ndiyo inayostahili uzito zaidi kuliko inavyopewa. Sababu yake ni majira. Julai, ambayo Babati ni kipupwe, yaani kipindi kikavu chenye baridi kinachofuata masika, huko Ulaya na kaskazini mwa Asia ni kiangazi, na vitwitwi na jamaa zao wanaochokora matope kingoni huwa wengi wao wamekwenda huko kutaga na kulea makinda. Wanaobaki ni wenyeji: yangeyange, kulastara, mnandi anayeanika mabawa juani, na sile-maua, ambaye vidole vyake virefu humwezesha kutembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Idadi ya Julai, basi, hueleza ziwa lenyewe linalisha ndege wangapi, ilhali ya Januari huchanganya hali ya ziwa na mambo yaliyotokea maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mtazamaji anayetoka kata ya Sigino hana budi kufika ziwani mapema na kusimama ufuko wa mashariki, ili jua liwe mgongoni mwake na rangi za ndege zionekane wazi katika darubini. Saa hizo, hata hivyo, ndizo viboko wanaporejea majini kutoka malishoni, kwa hiyo kituo huchaguliwa mbali na njia zao, na hakuna hesabu inayohalalisha mtu kusimama kati ya kiboko na maji.

Ndege wachache huhesabiwa mmoja mmoja. Kundi kubwa hukadiriwa kwa mafungu: mtazamaji huhesabu kumi kwa uangalifu, hulizoesha jicho upana wa fungu hilo, kisha hulipima kundi zima kwa kipimo hicho, huku mwenzake akiandika ili yeye asiondoe macho majini. Ufuko hugawanywa vipande vyenye alama za kudumu, kwa kuwa yangeyange aliyeruka kutoka kipande cha kwanza akatua cha tatu huweza kuhesabiwa mara mbili.

Kazi ngumu zaidi ni kulinganisha miaka. Maji ya Ziwa Babati hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, kama mji ulivyoshuhudia katika mafuriko ya mwaka 1990, na yungiyungi na matete huhama pamoja na ukingo. Umbali kutoka alama ya kudumu hadi majini huandikwa kila mara, la sivyo kuhama kwa sile-maua mita mia mbili kutasomeka kama kutoweka kwake. Asipoonekana kabisa, huandikwa sifuri, kwa maana nafasi iliyoachwa wazi haimwambii msomaji wa baadaye kama ndege huyo alitafutwa.