Kamera Chini ya Ua: Pembe za Picha za Karibu katika Msitu wa Opala

Pembe isiyo ya kawaida katika picha za karibu za maua ya mwituni husifiwa mara nyingi kama pambo, kana kwamba mpiga picha amelala chini kwa sababu tu amechoka kulitazama ua kutoka juu. Katika misitu ya Opala, kusini-magharibi ya Kisangani katika jimbo la Tshopo, ambako mto Lomami hupita ukielekea kuungana na mto Kongo, maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa mimea kadhaa huficha sehemu muhimu za maua yake mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuziona, na hivyo pembe ya kamera huamuliwa na umbo la ua kabla ya kuamuliwa na ladha ya mpigaji.

Mfano ulio wazi ni Thonningia sanguinea, mmea wa misitu ya mvua ya Afrika usio na majani ya kijani, ambao hujishikiza kwenye mizizi ya mimea mingine na kunyonya chakula humo, huku sehemu pekee inayochomoza juu ya udongo ikiwa ni kichwa chekundu chenye magamba yaliyochongoka, kisichozidi upana wa sentimita chache. Picha iliyopigwa kutoka juu huonyesha duara la ncha nyekundu na kidogo sana zaidi ya hapo, kwani maua halisi ni madogo na yamesongamana katikati ya magamba. Kamera ikishushwa hadi usawa wa ardhi, mtazamaji huona jinsi magamba yanavyopandana, jinsi kichwa kinavyosukuma majani makavu, na njia ambayo nzi na sisimizi hupita wanapoingia. Stendi ya miguu mitatu haifai hapa, na kifuko kilichojazwa mchele au maharage huishikilia kamera vizuri zaidi. Mwenye simu hana sababu ya kujiona maskini, kwa maana akiigeuza juu chini, lenzi, ambayo kwa kawaida iko upande wa juu wa simu, hukaribia udongo kuliko lenzi ya kamera nyingi kubwa.

Maua yanayoning'inia hudai pembe tofauti. Monodora myristica, mti ambao mbegu zake hutumika kama kiungo cha chakula, hutoa ua kubwa kwenye kikonyo kirefu, lenye petali tatu za nje zilizojikunja kingo na kutiwa madoa, na petali tatu za ndani zinazokutana na kufanya kama paa juu ya viungo vya uzazi. Ua hilo likipigwa picha ubavuni huonekana kama kitambaa kilichotundikwa. Likipigwa kutoka chini, lenzi ikielekezwa juu, petali hupenywa na mwanga wa anga na mpangilio wote husomeka. Tatizo ni kwamba mwangaza wa anga huidanganya kamera, ambayo hupunguza mwanga na kuligeuza ua kuwa kivuli cheusi, na kwa hiyo mpigaji hulazimika kuongeza mwanga kwa makusudi, au kushika karatasi nyeupe chini ya ua ili irudishe mwanga juu. Kuokota ua lililoanguka, kulining'iniza kwa uzi na kulipiga kana kwamba liko mtini ni njia rahisi, lakini picha ya namna hiyo ni ya uongo isipoelezwa. Gloriosa superba, mmea unaopanda kwenye kingo za misitu, hutaka pembe hiyohiyo ya chini, kwani petali zake hukunjwa kuelekea juu, stameni hutandazwa kwa ulalo, na shina la stigma hupinda kando karibu kwa pembemraba. (Mmea wote una sumu ya kolchisini, hivyo anayeushika na anawe mikono.)

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa mwanga. Sakafu ya msitu mnene wa mvua hupokea takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga wa jua, na picha ya karibu huongeza gharama nyingine. Katika uwiano wa 1:1, yaani pale taswira inayoangukia kihisi cha kamera inapokuwa na ukubwa uleule wa kitu chenyewe, lenzi huwa imesogezwa mbali na kihisi kiasi kwamba tundu lake, yaani nafasi inayopitisha mwanga, likiwekwa f/11 hufanya kazi kama f/22. Jua kali katika hali hiyo, kwa wepesi wa ISO 100, hutaka takriban sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Chini ya miti, kwa asilimia 1 ya mwanga huo, muda hufika sekunde 2, na tone moja likigonga jani picha imeharibika. Pamoja na hayo, kina cha ukali, yaani umbali wa mbele na nyuma ambamo vitu hubaki bila ukungu, katika kihisi cha milimita 36 kwa 24 hakizidi sana milimita 1. Kuliminya tundu zaidi hakusaidii kwa muda mrefu, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hupinda kingoni na kuilainisha picha nzima.

Wapiga picha wengi hukimbilia flashi, ambayo humulika kwa muda mfupi mno na kuushinda mtikisiko, lakini mwanga wake hufifia haraka kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo ua hung'aa huku nyuma yake pakiwa na giza kama la usiku, na msitu, ambao ndio maskani ya ua, hutoweka. Flashi iliyopunguzwa nguvu, ikafunikwa kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi na kuchanganywa na mwanga wa asili kwa kuongeza ISO, hutoa picha yenye ukweli zaidi. Njia ya kupiga picha kadhaa kwa kusogeza fokasi hatua kwa hatua na kuziunganisha kwa programu huongeza kina cha ukali, ila humshinda mpigaji mara tu mdudu anapotua.

Karl Blossfeldt wa Ujerumani, ambaye kitabu chake cha picha za mimea kilitoka mwaka 1928, alilikwepa tatizo la mwanga wa msituni kwa kukata mimea na kuipiga mbele ya mandhari tupu kwa kamera aliyojitengenezea. Matokeo yalikuwa bora kwa mafunzo ya sanaa, lakini hayamwambii msomaji mmea uliota wapi wala uliinamia upande gani. Hebaria ya Yangambi, kwenye mto Kongo magharibi ya Kisangani, ambayo ina takriban sampuli 150,000 za mimea iliyokaushwa, ina upungufu unaofanana na huo, kwa kuwa ua lililobanwa kati ya karatasi hupoteza kina, rangi na mwelekeo wake, na hapo ndipo picha ya pembe sahihi inapokuwa na thamani ya kisayansi.

Thamani hiyo ina mipaka, na Opala yenyewe imetoa ushahidi. Mwaka 2007 watafiti walimwona katika mji wa Opala kima mdogo aliyefungwa nyumbani, wakampiga picha, lakini jina la kisayansi la spishi yake, Cercopithecus lomamiensis, inayojulikana kama lesula, lilichapishwa mwaka 2012 tu, baada ya sampuli kukusanywa na kulinganishwa. Kwa maua kanuni ni ileile: anayepiga picha katika misitu ya Lomami apige ua kutoka upande wanakoingilia wadudu, kisha ubavuni pamoja na rula, kisha mmea mzima pamoja na majani yake, na aandike tarehe na mahali, kwa kuwa picha moja nzuri isiyo na maelezo hayo haimsaidii mtaalamu wa mimea kuutambua mmea kwa hakika.