Ruta Tatu Katika Nyumba ya Mawe

Kuta za nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita, pengine na zaidi. Waliozijenga waliwaza jua, joto na faragha ya watu wa ndani. Mawimbi ya redio hayakuwa shida yao. Ndiyo maana anayevutiwa faiba leo katika nyumba ya ghorofa huko Shangani au Kiponda hupata intaneti nzuri katika chumba kimoja tu, kile alichokichagua kijana wa kampuni, na mara nyingi alikichagua kwa kuwa ndicho kilicho karibu na mlango na waya wake ulikuwa umeishia hapo. Ukipanda ngazi, alama ya waifai kwenye simu inapungua. Dari nazo ni boriti, mawe na chokaa tena. Juu kabisa kunabaki kijistari kimoja, na mjukuu anayesoma huko hushuka na kompyuta yake akakaa kwenye ngazi, njiani mwa kila anayepita.

Dawa inayomjia kila mtu ni kununua ruta ya pili, na isipotosha, ya tatu. Si dawa mbaya. Tatizo ni kwamba ruta ya dukani hutoka kiwandani ikiamini kwamba iko peke yake ndani ya nyumba. Itagawa anwani, itajipa jina, itapaza sauti kwa nguvu zake zote. Ukiziwasha tatu bila kuzisemesha, unapata mitandao mitatu isiyojuana, na printa ya chini haionekani juu. Fundi ninayetaka kumsifu hapa nimemtazama akizitiisha ruta katika nyumba kadhaa za mji huo, na kilichonivutia ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzipokonya madaraka. Anazima zaidi ya anavyowasha.

Haanzi kwa kufungua boksi. Anaanza kwa kutembea nyumba nzima na simu mkononi, tena simu ya bei ndogo. Kompyuta ya mkononi ina antena nzuri, anasema, itampa habari njema ambazo wenye nyumba hawatazipata. Programu iliyomo inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, namba zenye alama ya kutoa mbele yake. Hasi 40 ni karibu kabisa na ruta. Hasi 67, mazungumzo ya sauti bado yanapita bila kukatika. Ikifika hasi 80, ukurasa unafunguka kwa kusuasua. Kila desibeli tatu zikipotea nguvu imepungua nusu, kwa hiyo kati ya hasi 67 na hasi 70, tofauti ambayo mimi nisingeigusa, yeye anasimama, anarudi hatua mbili, anapima upya. Na anafunga milango kabla ya kupima, kwa sababu watu hulala milango imefungwa.

Anachotafuta ni pale ambapo wimbi linaweza kupita bila kukutana na jiwe. Nyumba hizi zina vyumba vyembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita tatu hivi. Kwa hiyo kuta ni nyingi kuliko anavyodhani mtu aliyezoea nyumba za matofali. Lakini zina ua wa katikati, zina ngazi, na zina madirisha yanayotazama uani. Hizo ndizo njia zake. Ukuta unaovuta unyevu na chumvi anaukwepa, kwani maji humeza mawimbi, na kwa sababu hiyo hiyo hataweka kitu nyuma ya tanki la juu. Jokofu na vioo vikubwa vya kabati huyarudisha yalikotoka. Bendi ya gigahazi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, huishia haraka ndani ya jiwe. Ile ya gigahazi 2.4 hupenya zaidi, ila imejaa watu. Akimaliza mzunguko, ameshajua: boksi la faiba libaki chini lilipo, ruta ya pili ikae ghorofa ya kwanza kwenye ushoroba unaoelekea uani, ya tatu iwe juu karibu na vyumba vya kulala.

Sasa inabidi kuziunganisha kwa waya, na waya lazima upite mahali.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Hapa nataka kupandisha waya mpaka juu."

"Marahaba mwanangu. Lakini ukuta huu usinitobolee, babu yao aliupiga chokaa mwenyewe."

"Sitotoboa. Ntapita na ngazi."

Hatoboi hata pale asipokatazwa, akiweza kukwepa. Mashine ya kutoboa inayogonga hubomoa chokaa upande wa pili, kipande kikubwa kuliko tundu lenyewe, na kuziba vizuri kunahitaji fundi mwingine. Anatumia matundu ya mabomba yasiyotumika, pembe za ngazi, na pale boriti zinapoingia ukutani. Anajitenga na nyaya za umeme, na ikimlazimu kuzivuka huzivuka kwa pembe mraba, asilale nazo sambamba. Waya unaopita nje ni wa gamba jeusi linalohimili jua, na kabla haujaingia ndani anauacha uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya masika yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi sebuleni.

Waya wenyewe anaununua akiwa na wembe mfukoni. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, unauzwa kwa bei ya kupendeza, hukatika upesi na hupoteza nguvu njiani. Akikwangua, shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani. Ule mwingine unatoa weupe. Muuzaji hukasirika, naye hanunui.

Nadhani hapa, kwenye kutengeneza vichwa vya waya, ndipo mtu mwenye haraka anapojulikana. Ndani ya gamba mna nyaya nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa. Msokoto huo ni wa zamani kuliko kompyuta: Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881, kwa ajili ya laini za simu. Nyaya mbili zilizosokotwa hupokea kelele za nje kwa kiasi kilekile, na mwishoni kelele hizo hufutana. Kwa hiyo fundi anausokotoa kwa uchache awezavyo, kama sentimita moja, asizidi. Anazipanga: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Anazinyoosha kwa kidole gumba, anazikata zote kwa mkato mmoja, anazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki mpaka aone shaba nane zikimtazama upande wa mbele. Gamba nalo lazima liingie ndani, ili koleo la kubania liling'ate. Ukiona kichwa ambacho nyaya za rangi zimechungulia nje, jua aliyekifunga alikuwa akiwahi kwingine.

Kisha inakuja kazi ya kuzipokonya madaraka. Karibu kila ruta ya nyumbani huanza maisha ikiwa na anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kutoka katika mafungu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani na kuandikwa rasmi mwaka 1996. Ndiyo maana nyumba yako na ya jirani zinaweza kuwa na anwani zilezile na zisigombane. Ndani ya nyumba moja ndiko zinakogombana. Huduma ya kugawa anwani, ile inayoandikwa DHCP kwenye ukurasa wa mipangilio, inatakiwa iwe na mgawaji mmoja. Wakiwa wawili ni sawa na shehia moja yenye masheha wawili, kila mmoja na daftari lake, na wakazi wawili wakajikuta wameandikiwa nyumba moja.

Utaratibu wa fundi hauruki hatua. Ruta ya pili haiunganishi kwanza na chochote ila kompyuta yake. Anabadilisha anwani yake kuwa 192.168.1.2, anaingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo anazima ugawaji. Ya tatu anaipa 192.168.1.3. Kila moja anaibandika utepe mgongoni wenye namba yake, kwa kuwa mwaka ujao hakuna atakayekumbuka. Halafu waya unaotoka chini anauchomeka kwenye tundu la kawaida, lile la kompyuta, na tundu la rangi tofauti lililoandikwa Internet au WAN analiziba kwa karatasi. Ukichomeka hapo, ruta itajenga mtandao wake nyuma ya mtandao, anwani zitafasiriwa mara mbili, na kamera ya mlangoni haitaonekana ghorofani. Ruta nyingi mpya zina kitufe cha kufanya haya yote mara moja. Anakitumia akikikuta, ila anakagua kilichofanyika.

Kwenye chaneli za gigahazi 2.4 hana mjadala. Chaneli zimepishana megahazi 5 tu, ilhali kila mtandao unahitaji kama 20, kwa hiyo 1, 6 na 11 ndizo zisizokanyagana. Chini 1, kati 6, juu 11, baada ya kuangalia majirani wamekaa wapi, maana katika vichochoro vile dirisha la jirani liko umbali wa mkono. Mwenye kuchagua 3 akidhani amekwepa 1 na 6 amezivuruga zote mbili. Mashine za waifai husikiliza kabla ya kusema, na zikisikia mwenzao anasema, hungoja. Adabu hiyo ina asili ya visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa redio, mtandao ulioitwa ALOHAnet. Kila kituo kilisema kilipotaka. Ujumbe ukigongana, kilingoja muda wa kubahatisha kikarudia. Robert Metcalfe aliuchunguza utaratibu huo na mwaka 1973, akiwa kampuni ya Xerox, akaandika mpango wa Ethernet, mtandao wa waya ambao mashine zake zilisikiliza kwanza.

Ruta zote tatu zinapewa jina moja na nywila moja. Hapo simu itahama yenyewe mtu anapopanda ngazi. Au haitahama, na hili ndilo linalowachanganya wengi: anayeamua kuhama ni simu, ruta haina amri. Simu iliyoishikilia ruta ya chini itaendelea kuing'ang'ania hadi hasi 80 wakati ya juu iko hatua mbili kutoka hapo. Wenye nyumba huomba antena kubwa. Yeye anaingia kwenye mipangilio na kupunguza nguvu ya kurusha. Mazungumzo ni ya pande mbili, na simu hurusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Ruta ikipaza sauti, simu itaisikia mbali sana, itaonyesha mistari yote, na ruta haitaisikia simu. Ikiteremshwa, simu inachoka nayo mapema na kutafuta iliyo karibu. Sijawahi kuona mwenye nyumba aliyefurahia kuambiwa hivi.

Mambo mengine anayapitia upesi: nywila ya kuingilia mipangilio inabadilishwa, kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha simu bila kuandika nywila, kinazimwa, na boksi zinawekewa betri ndogo kwa ajili ya umeme unaokatika. Onyo moja tu hulitoa mara mbili kwa kila aliye ndani, pamoja na dada wa kazi anayefagia. Usione waya unaning'inia ukauchomeka kwenye tundu lililo wazi. Swichi, yaani kifaa au sehemu ya ruta inayounganisha nyaya, ikiunganishwa na yenyewe, ujumbe wa matangazo huzunguka bila kukoma, na nyumba nzima hunyamaza ndani ya dakika chache tu. Radia Perlman aliandika mwaka 1985, akiwa kampuni ya DEC, kanuni inayozifanya swichi zigundue mzunguko na kuufunga zenyewe. Swichi za bei nafuu tunazonunua kwa kawaida hazina kanuni hiyo.

Tunapishana naye kwenye jambo moja. Hapendi zile seti za mesh zinazouzwa zikiwa tayari, vijiboksi vinavyozungumza vyenyewe hewani. Hoja yake ni ya kweli: kijiboksi chenye redio moja kinapokea na kurusha kwa zamu, kwa hiyo kasi inakwenda nusu kabla ukuta haujachukua sehemu yake. Lakini mpangaji asiyeruhusiwa kupigilia hata msumari afanye nini? Mimi ningemwambia anunue, aviweke vionane kupitia uani, na akubali hasara. Seti nyingi pia zina tundu la waya, nalo fundi huyu hulitafuta kwanza.

Kazi inamalizwa kwa kutembea tena. Safari hii yuko kwenye simu, kupitia waifai, na mwenzake aliyebaki dukani, anazungumza naye mambo ya mpira kuanzia mlangoni hadi juu kabisa. Kwa Bi Mkubwa sauti ilikatika kwenye kona ya ngazi ya pili. Alishuka, akapunguza nguvu ya ruta ya chini daraja moja, akapanda tena na maneno yale yale ya mpira. Ikapita. Kilichobaki ni kuangalia kasi ya kila waya kwenye ukurasa wa mipangilio, na wa ghorofa ya juu ulisoma megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000. Intaneti ya nyumba ile haikufika hata 50, hakuna ambaye angegundua. Yeye alijua maana yake: kasi ya 100 inatumia nyaya nne, 1,000 inahitaji zote nane, kwa hiyo kuna waya mmoja, pengine wa buluu au wa kahawia, ambao haukugusa. Alikata kichwa kile akakitupa, akatengeneza kingine, akachomeka. 1,000. Ndipo alipoita hesabu yake, na Bi Mkubwa akataka kujua kwa nini waya una bei kushinda maboksi.