Jinsi Voyager 1 Ilivyorudishiwa Kauli

Tarehe 14 Novemba 2023, chombo cha anga za juu Voyager 1 kiliacha kutuma habari zinazosomeka. Mawimbi yake ya redio yaliendelea kufika duniani, lakini hayakubeba kipimo hata kimoja. Yalikuwa sifuri na moja tu, zikijirudia kwa mpangilio uleule. Chombo kilipokea amri na kuzitii. Kilichopotea ni kauli.

Voyager 1, iliyorushwa Septemba 1977, ina kompyuta tatu. Mojawapo hukusanya vipimo vya kisayansi na taarifa za hali ya chombo chenyewe, na kuvipanga pamoja kabla ya kuvikabidhi kwa redio. Wahandisi wa NASA katika maabara ya JPL, California, waliishuku hiyo. Lakini mashaka hayatoshi kumwongoza fundi, na hapa mgonjwa alikuwa umbali wa kilomita bilioni 24: amri ilifika baada ya saa 22 na nusu, na jibu lilichukua muda uleule kurudi.

Kwa maoni yangu, hatua iliyoamua mambo ilichukuliwa tarehe 1 Machi 2024, kabla hata ya kujulikana nini kitengenezwe. Walituma amri ya kuigutusha kompyuta ile, ijaribu njia nyingine ndani ya programu yake ili iruke sehemu inayoweza kuwa imeharibika. Siku mbili baadaye likaja jibu lisilofanana na yale ya awali. Halikuwa katika umbo la kawaida, hivyo lingeweza kudhaniwa ni takataka nyingine. Mhandisi mmoja wa mtandao wa antena kubwa za NASA akalifumbua: ndani yake mlikuwa na nakala nzima ya kumbukumbu ya kompyuta. Sasa waliweza kuilinganisha na nakala ya zamani, ya kabla ya hitilafu, na kuona ni wapi zinatofautiana.

Takriban asilimia 3 ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika, na mkosaji alikuwa chipu moja. Huenda ilipigwa na chembe yenye nishati kubwa, huenda ilichakaa tu baada ya miaka 46.

Chipu haikuweza kufufuliwa, kwa hiyo programu iliyokaa humo ilibidi ihamishwe. Tatizo ni kwamba hapakuwa na nafasi moja ya kuitosha. Wakaikata vipande na kuvitawanya kwenye nafasi ndogondogo zilizobaki. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe: kila kipande lazima kijue kinachofuata kiko wapi, na kila mahali pengine katika kumbukumbu panapotaja anwani ya zamani lazima pasahihishwe. Anwani moja ikikosewa, kompyuta inakwenda kusoma kisichokuwa chake.

Walianza na kipande kinachopanga taarifa za hali ya chombo, si za sayansi. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani bila taarifa hizo wangefanya marekebisho yaliyofuata kwa kupapasa. Amri ilitumwa 18 Aprili. Tarehe 20, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, chombo kikaeleza hali yake. Mwezi Mei vifaa viwili vya sayansi vilirudi, na Juni vyote vinne vilivyokuwa vikifanya kazi.

Yote haya yaliwezekana kwa sababu wabunifu wa miaka ya 1970 waliacha kumbukumbu ya kompyuta hiyo iweze kuandikwa upya kutoka duniani. Nawashukuru kwa dhati.